Milango Iliyonyamaza

Namna Shaame alivyofika Vizingitini haina maana kwetu. Walioandika habari za nchi hiyo kabla yetu walijaza kurasa kwa matope na mbu, wakasahau kueleza sheria zake, na ndiyo maana wasomaji wao walirudi na mbu tu. Tuseme kwamba alifika, kwamba alikuwa mshona kofia, mmoja wa wale wanaotoboa viua kwa sindano mpaka kofia isimame yenyewe, na kwamba alivunjika mkono wa kulia pale pale kivukoni, kati ya kiwiko na kiganja, kwa kuteleza mbele ya askari. Askari alicheka kwanza, ndipo akamwinua.

"Umevunjikia pazuri," alimwambia. "Hapa ndipo kwao waunga mifupa. Nenda nyumba ya Tumbi, ile pale juu ya kivuko. Ina lakiri."

Shaame akauliza lakiri ya nini. Askari alimtazama kama anayeulizwa maji ni ya nini, akamwelekeza tena kwa kidole.

Katika nchi ile kila nyumba ina jina, na jina ndilo mali yake yote. Nyumba ya Tumbi huunga mifupa, nyumba nyingine huchimba visima, nyingine hufungisha ndoa. Ili mgeni ajue kwamba nyumba anayoingia ndiyo yenyewe, hutazama mlangoni kama pana kigae chenye donge la lakiri nyekundu lililogongwa mhuri wa jina. Wanaogonga mhuri huo huitwa wapiga lakiri. Wametapakaa nchi nzima, wa karibu na wa mbali, na lakiri ya mmoja ina nguvu sawasawa na ya mwingine. Hakuna anayeuliza imepigwa na nani. Ikiwa nyekundu na nzima, yatosha.

Lakiri hukaa kwa msimu, kisha hupasuka yenyewe. Nyumba ambayo lakiri yake imepasuka husemwa kwamba haipo, na watu wakipita mbele yake hufumba macho. Hawafanyi hivyo kwa chuki. Ni adabu tu, na watoto hufunzwa adabu hiyo kabla ya kufunzwa kula kwa mkono wa kulia. Shaame alimwona mama mmoja akipita mbele ya nyumba ya namna hiyo na beseni la unga kichwani, macho kayafumba, wala hakujikwaa.

Basi Shaame alifanya ambalo lingefanywa na mtu yeyote mwenye akili. Alikwenda juu ya kivuko, akaiona lakiri nyekundu imeandikwa jina la Tumbi, akapiga hodi. Alipokewa na Bwana Ngwali, mtu mchangamfu, ananukia udi, maneno yake matamu kupita kiasi. Bwana Ngwali aliufunga ule mkono upesi upesi kwa vijiti na kitambaa, na kabla hajafika fundo la mwisho alikwishasema, "Umepona."

Hakupona. Siku zilivyopita mkono ulianza kushika ukiwa umepinda kuelekea nje, na kidole gumba kikafa ganzi. Shaame alijaribu kushika sindano ikamdondoka. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, akajaribu tena, ikadondoka tena. Aliogopa. Mshona kofia asiye na gumba ni mtu wa kubeba mizigo, na kwa mkono ule hata mizigo isingebebeka.

Aliyemzindua ni mama mwenye nyumba aliyempangisha chumba. Alimletea uji, akauona mkono, akaweka bakuli chini.

"Nani kakufunga hivi?"

"Nyumba ya Tumbi."

"Lo! Hii si kazi ya Tumbi," alisema yule mama. "Tumbi mwenyewe ni Bi Kazija. Ila siku hizi hayupo."

"Amekufa?"

"Mzima kabisa. Hayupo tu. Twende nikupeleke."

Akampeleka kupitia vichochoro, na walipofika mahali fulani alifumba macho, akasimama, akanyoosha mkono kama kipofu. "Mimi hapa sioni kitu," alisema, "lakini ukisogea hatua mbili utagusa mlango." Akageuka akaenda zake.

Juu ya mlango palikuwa na kigae chenye lakiri iliyopasuka, na chini yake kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa nyeupe. Shaame alikisoma: PANDU PEKE YAKE. Baadaye aliambiwa kwamba amevunja sheria kwa kukisoma, lakini wakati ule hakujua.

Bi Kazija alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye vidole vinene. Aliushika mkono wa Shaame, akaupapasa kuanzia kiwiko, macho yake kayaelekeza dirishani.

"Kakufunga kama mzigo wa kuni," alisema. "Itabidi nikuvunje upya."

"Nivunje, mama. Hata sasa hivi."

"Sasa hivi na nani? Huvunjwi na mtu mmoja, mwanangu. Nahitaji wanaume wawili wa kukushika bega, nahitaji muuza magome ya dawa, nahitaji bafta mpya ya kufungia. Wote hao hawaingii katika nyumba isiyokuwapo. Mfupa wako bado laini, ila mwezi mpya ukiandama utakuwa umeshika hivyo ulivyo, na sindano utaisikia kwa wenzako."

Shaame alikaa chini. Akamwomba amweleze imekuwaje, na Bi Kazija akamweleza huku akimtengenezea kitanzi kipya cha kuning'iniza mkono, maana hakuwa mtu wa kukaa bure.

Ilikuwa hivi. Mpiga lakiri anapoombwa lakiri ya nyumba fulani, kwanza huhakikisha kwamba mwombaji ndiye mwenye nyumba. Huhakikisha kwa kwenda mlangoni na kupiga hodi. Atakayeitikia "karibu" akiwa ndani ya kizingiti ndiye mwenyewe. Bi Kazija alipokwenda matangani, Ngwali aliingia, akasimama ndani ya kizingiti, akaitikia karibu kwa sauti ya mtu aliyezaliwa humo. Aliyepiga hodi alikuwa Bwana Mtoro, mpiga lakiri wa ng'ambo ya mto, ambaye hajawahi kumwona Bi Kazija maishani mwake.

Lakini sheria ya nchi ile si ya kijinga kama inavyosikika. Ujinga wake uko mbele zaidi. Inampa kila mwenye nyumba haki ya kutundika kibao mlangoni na kuandika ni mpiga lakiri gani tu aliyeruhusiwa kumpigia. Kila mpiga lakiri, kabla hajayeyusha nta yake, lazima amtume msomaji akasome kibao hicho. Asipokiona mlangoni, msomaji hupanda mpaka lango la ukoo. Asipokiona hapo, hupanda mpaka lango la mji. Kibao cha kwanza anachokutana nacho ndicho kinachotawala, na hapandi tena. Na asipokiona popote? Hapo sheria inasema kwamba nyumba isiyomtaja yeyote imewakubali wote.

Vibao basi vingekuwa vimejaa nchi nzima, ungedhani. Havipo. Watu wa Vizingitini huona aibu kusema mlangoni. Kutundika kibao ni kukiri kwamba una adui, kwamba hujiamini, kwamba majirani zako ni wezi. Nyumba yenye heshima hunyamaza. Kwa hiyo nchi ile imetunga sheria inayosema kimya ni ruhusa, na imelea desturi inayosema kimya ni heshima, na haijawahi kuyakutanisha mambo haya mawili katika chumba kimoja.

Msomaji wa Bwana Mtoro hakuona kibao mlangoni kwa Bi Kazija, wala katika lango la ukoo wake wa Tumbi, wala katika lango la mji. Mtoro akapiga lakiri. Ngwali akachukua kigae chake akaenda kukibandika kivukoni, ambako wageni wenye mifupa iliyovunjika hupita wa kwanza.

"Nilipojua," alisema Bi Kazija, "nilipandwa na hasira. Nikatundika kibao nikaandika HAKUNA. Hakuna wa kunipigia lakiri, awe nani. Nililala vizuri siku hiyo! Kisha lakiri yangu mwenyewe ikapasuka. Nikamwita Pandu, aliyenipigia mimi na mama yangu kabla yangu. Akamtuma msomaji wake, akarudi na neno HAKUNA. Pandu akanijia kwa majonzi, akaniambia, 'Dada, mlango wako umetukataa sote, nami ni mmoja wa sote.'"

"Lakini anakujua!"

"Ananijua sana. Alikunywa kahawa hapo ulipokaa. Sheria haimuulizi kama ananijua, inamuuliza kibao kinasemaje." Akakaza fundo. "Basi nikafuta, nikaandika PANDU PEKE YAKE. Hapo ndipo Mwinyi Dalu alipokuja juu."

Mwinyi Dalu alikuwa mkuu wa ukoo wa Tumbi na mlinzi wa lango lake. Alikuwa amelivumilia lile HAKUNA kwa kuwa kwake lilionekana kama kimya kilichoandikwa. Kumtaja mtu lilikuwa jambo jingine. Alipeleka shauri katika Baraza la Milango akitaka kibao kishushwe, na mlango wenye shauri haupigwi lakiri mpaka shauri liishe.

Shaame alikwenda barazani pamoja na Bi Kazija. Baraza hilo hukutana katika ukumbi mzuri usio na mlango hata mmoja, kwa kuwa wajumbe hawakuwahi kukubaliana kibao chake kiandikwe nini. Watu huingia kwa ngazi kupitia dirishani. Kwa Shaame na mkono wake ilikuwa kazi, na Katibu wa Milango mwenyewe alimvuta ndani kwa kola.

Wajumbe wamegawanyika katika Wanyamavu na Wasemaji. Shaame alitarajia kusikia Wasemaji wakimtetea Bi Kazija, lakini siku hiyo walikuwa na mjadala wao wa ndani. Nyumba moja ya kaskazini ilikuwa imeandika kwenye kibao chake neno lisilojulikana na mtu, kwa rangi nyekundu, na sheria inasema neno jekundu lisiloeleweka humzuia kila mpiga lakiri. Wasemaji wa kwanza walisema neno hilo ni la busara sana. Wasemaji wa pili walisema ni la busara ila limeandikwa kabla ya wakati wake. Mwenye nyumba aliulizwa lina maana gani, akajibu kwamba hata yeye hajui, alipenda tu lilivyokaa. Nyumba yake haikuwa imeonekana tangu masika.

Ndipo akaitwa Bwana Mtoro. Alikuja kifua mbele.

"Nilipiga hodi, nikaitikiwa," alisema. "Nilimtuma msomaji mlangoni, akapanda langoni, akapanda mjini. Popote ambapo angekuta neno, ningelitii. Neno halikuwapo."

Baraza lilimpongeza, na tukisema kweli hakuwa amekosea kitu. Shaame alitamani sana awe amekosea.

Mwinyi Dalu akasimama. Alikuwa mzee mrefu, kanzu yake safi, sauti yake ya taratibu, na ilikuwa vigumu kumchukia.

"Ukoo wa Tumbi haujawahi kusema mlangoni," alisema. "Waheshimiwa, nikiandika leo kwamba namwamini Pandu, nimewatukana wapiga lakiri wote ambao sikuwaandika, nao ni watu wazima, wana familia. Babu zetu walikaa kimya na mifupa ya nchi hii ikaungwa. Huyu binti yetu ameumia, nami naumia naye. Lakini mtu akiibiwa hapaswi kupiga kelele mpaka majirani waonekane wezi."

Wanyamavu walitikisa vichwa kwa kukubali, bila kusema kitu, kama ilivyo kawaida yao.

Shaame aliomba kuuliza. Kwa nini watu wasisome vibao wenyewe kabla ya kuingia nyumba ya mtu? Kibao cha Bi Kazija kimeandikwa kwa herufi kubwa barabarani. Angekisoma kwanza, angeona kwamba lakiri ya kivukoni haikupigwa na Pandu.

Katibu alivua miwani. "Vibao ni vya wasomaji wa wapiga lakiri. Raia akisoma atakuwa amejitwalia kazi ya mtu."

"Basi lakiri ya Bwana Ngwali ibanduliwe."

"Ilipopigwa palikuwa na kibao?"

"Hapana."

"Ndiyo hiyo. Kibao husema na lakiri zinazokuja. Iliyokwisha kupigwa haina masikio. Ingoje ipasuke kwa msimu wake."

"Na chini ya kibao," akaongeza mjumbe mmoja kwa wema, "mwenye nyumba anaweza kuandika apelekewe nani habari, iwapo mtu wa ajabu atakwenda kuomba lakiri kwa jina lake."

"Wapiga lakiri watazipeleka?"

"Wanaruhusiwa."

Shaame aliwauliza wote waliokuwa ukumbini kama kuna aliyewahi kupelekewa. Hakuna. Hapo uvumilivu wake ulimwishia. Aliufungua ule mkono kwenye kitanzi, akauinua juu ulivyopinda, akamgeukia Mwinyi Dalu.

"Mzee wangu, mimi ni mgeni, nisamehe. Nchi hii mmenipa kitanda na uji, sina ugomvi nanyi. Lakini huu mkono haukupindwa na Ngwali peke yake. Msomaji alipanda mpaka langoni kwako akiwa tayari kutii neno lolote. Neno moja tu. Lango lako likanyamaza, na mimi leo siwezi kushika sindano. Hicho unachokiita heshima nimekibeba mimi hapa."

Mwinyi Dalu alikaa, macho yake kwenye ule mkono.

Hukumu ilitoka jioni ile ile, Katibu akiitamka kama anayemeza dawa. Kibao cha Bi Kazija kibaki, kwa kuwa sheria inakiruhusu hata kama adabu haikiruhusu. Lakiri ya kivukoni ibaki mpaka ipasuke. Pandu anaweza kumtuma msomaji wake, ila si mara moja, kwa sababu msomaji alikwishasoma HAKUNA, na alichokisoma bado ni cha moto kichwani mwake. Kikipoa ndipo atasoma upya. Kingepoa alfajiri ya keshokutwa, na mwezi ulikuwa unakaribia kuandama.

Nje, chini ya ngazi ya dirisha, Mwinyi Dalu alimsubiri Shaame. Alikitazama kile kidole gumba, akakigusa kwa ncha ya kidole chake.

"Unasikia?"

"Sisikii."

"Kofia za aina gani?"

"Za viua. Nilikuwa nashona."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akafungua mwavuli ingawa hapakuwa na mvua, akaenda zake.

Alfajiri iliyotajwa, msomaji wa Pandu alikuja mlangoni kwa Bi Kazija, akasimama wima, akasoma kwa sauti: "Pandu peke yake." Hakupanda langoni, kwa kuwa alikwishapata neno mlangoni. Pandu, mzee mnene mwenye nta kwenye nyusi, alipiga hodi, Bi Kazija akaitikia karibu kwa hasira kidogo, na lakiri ikapigwa pale pale, nyekundu, bado inang'aa kwa ubichi. Shaame, ambaye hakuwa amelala, aliitazama kama mtoto anavyotazama sikukuu.

Wanaume wawili wa kushika bega walikuja mara moja. Walifika kizingitini macho wameyafumba, Pandu akawaambia wafumbue, wakafumbua, wakaiona nyumba waliyoipita kwa majuma kadhaa, na mmoja wao akasema, "Kumbe mmepaka chokaa." Muuza magome akaja. Bafta mpya ikaja. Bi Kazija akampa Shaame kipande cha mti aume, akawaambia wale wanaume washike, kisha akauvunja mkono kwa mpindo mmoja.

Uliuma. Tumejitahidi kutoa habari hizi kwa utulivu, lakini hapa Shaame alipiga yowe lililosikika mpaka sokoni, na hakuna sababu ya kulificha. Alipopata pumzi alikitazama kidole gumba chake. Kilikuwa kinamwasha. Alilia tena, mara hii kwa furaha.

Ilikuwa wakati Bi Kazija anapima vijiti ndipo kelele zikasikika barabarani. Watu walikuwa wanakuja mbio wakibeba kitanda, na juu ya kitanda alilala Mwinyi Dalu, paja lake limegeuka upande usio wake.

Mambo yaliyotokea langoni yalijulikana baadaye. Mzee hakuwa ameweza kula tangu barazani. Aliamua kutundika kibao katika lango la Tumbi, lakini hakutaka aonekane akisema, kwa hiyo alitoka kabla watu hawajaamka, akapanda ngazi peke yake na kibao kwapani. Alikipigilia, akataka kushuka kabla mtu hajapita, mguu ukakosa kipago. Na kwa ile haraka yake kibao alikuwa amekipigilia kichwa chini miguu juu. Sheria inasema kibao kilichopo lakini hakisomeki kinakataza lakiri zote, na msomaji haruhusiwi kuinamisha kichwa. Husoma kitu kilivyotundikwa. Tangu asubuhi hiyo hakuna nyumba ya ukoo ule iliyoweza kupigwa lakiri, isipokuwa ya Bi Kazija, yenye kibao chake yenyewe.

Wabebaji walipokaribia mlango wake walifumba macho wote kwa pamoja. Majuma yote hayo walikuwa wamefumba hapo; miguu yao ilijua mahali pa kuanzia.

Shaame alikurupuka, mkono ukiwa haujafungwa, akasimama kizingitini.

"Simameni! Lakiri imepigwa! Fumbueni macho!"

"Usitusemeshe, hapo hapana nyumba," alisema mbebaji wa mbele, na kuongeza mwendo.

"Ipo! Imepigwa leo, bado mbichi! Mwinyi Dalu! Mzee wangu! Ni hapa!"

Mwinyi Dalu naye alikuwa amefumba macho, kwa maumivu au kwa adabu. Uso wake uligeuka kidogo kuelekea kwenye sauti. Midomo yake ikasema kitu kwa wabebaji, nao wakazidi kwenda, wakashuka kilima kuelekea kivukoni, kwenye nyumba yenye lakiri.

Bi Kazija alitoka mbio akawafuata mpaka pembeni ya barabara, akiita kwa jina la babu yake na la babu yao. Alirudi akihema.

"Paja," alisema. "Ngwali hajui hata paja lina mfupa mmoja." Alisimama kidogo, mgongo wake kampa Shaame, kisha akafuta uso kwa upande wa kanga. "Kaa chini wewe. Sijamaliza."

Shaame alikaa Vizingitini mpaka vijiti vilipofunguliwa. Mkono ulitoka umenyooka, na kofia ya kwanza aliyoishona, ya viua vidogo vidogo, ilisimama yenyewe. Aliifunga katika kitambaa na siku ya kuondoka alipitia lango la Tumbi.

Mwinyi Dalu alikuwa amekaa pale pale chini ya lango, kwenye kiti, mguu wake umetazama ukutani wakati yeye anatazama barabara. Juu yake kibao kilining'inia kichwa chini. Hakuna aliyekirekebisha, kwa sababu kukirekebisha kungehitaji kukisoma. Nyumba za ukoo zilikuwa zinapasuka lakiri moja moja, na wapita njia walikuwa wameanza kufumba macho tangu mbali.

Shaame alimpa kofia. Mzee aliigeuza geuza, akapitisha kidole kwenye viua.

"Mkono unauma?"

"Hauumi tena, mzee wangu."

"Huu mguu unauma." Akaivaa kofia. Ilimkaa vizuri. "Lakini sina lawama. Ile nyumba ilikuwa na lakiri."

"Hata ya Bi Kazija ilikuwa nayo asubuhi ile. Mlipopita ilikuwa imekwishapigwa."

Mwinyi Dalu aliivua kofia, akaiweka gotini.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nilikuita mimi, mzee wangu. Nilisimama kizingitini nikakuita kwa jina."

"Sauti niliisikia," alisema Mwinyi Dalu. "Nikawaambia waende. Nilidhani ni mlango unasema."